Siku ya Tatu Imepita, Tupeni Jembe

BARUA YA WAZI

Kwa:
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uhamiaji, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KIBALI CHA KAZI KWA MWENZI WA MFANYAKAZI ANAYETOKA NCHI NYINGINE YA JUMUIYA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Nimezaliwa Mombasa, nikafundisha Voi miaka minane, na tangu Januari 2023 ninaishi Arusha na mume wangu, mhandisi wa umwagiliaji, pamoja na watoto wetu wawili. Mume wangu ana kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Mimi nina hati ya mtegemezi. Hati hiyo inaniruhusu kuishi naye, kumpikia, kupeleka watoto shule na kusubiri arudi jioni. Kufanya kazi hainiruhusu.

Kabla ya kuandika hadharani nimeandika faraghani. Barua ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa na nakala yake ninayo kabatini. Ya pili nilifuatilia mwenyewe hadi kaunta, na jibu nililopewa kwa mdomo lilikuwa hili: "Mama, suala lako halina fomu." Ya tatu haijajibiwa hadi leo. Sitazitaja ofisi hizo wala maofisa wenyewe, maana wengi walinihudumia kwa adabu, na mmoja alitoka nje ya kaunta kunielekeza kwa mwenzake aliyedhani atajua zaidi. Hakuna aliyenitukana wala kuniomba chochote. Waliniambia ukweli tu: walikuwa na fomu ya mwajiriwa, fomu ya mwekezaji, fomu ya mmisionari na fomu ya mkimbizi. Fomu ya mke wa mfanyakazi anayetaka naye afanye kazi haikuwepo.

Wahenga wetu wa pande zote za mpaka walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliukumbusha msemo huo mwaka 1962 alipokuwa akiwafafanulia Watanganyika maana ya ujamaa. Alieleza kuwa katika jamii zetu za asili kila mtu alifanya kazi, na hata mgeni aliomba jembe mwenyewe kabla mwenyeji hajamkabidhi. Waheshimiwa, mimi naomba jembe. Nimeliomba kwa barua tatu. Yafuatayo ndiyo yanayonifanya niliombe sasa mbele ya watu wote.

1. Haki imeandikwa, lakini haina mlango

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 10 kinazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Kifungu hicho hakikuishia kwa mfanyakazi mwenyewe. Kinasema ana haki ya kufuatana na mwenzi wake na watoto wake, na kwamba mwenzi huyo anaweza kuajiriwa au kujiajiri katika nchi hiyo hiyo. Walioandika walikuwa na busara. Walijua mtu hahamii nchi nyingine kama sanduku. Anahama na nyumba yake, na ndani ya nyumba hiyo kuna mtu mwingine mzima mwenye elimu yake, ujuzi wake na mikono miwili.

Sasa tazameni ninachokutana nacho nikitaka kuitumia haki hiyo. Sheria ya Tanzania ya kuratibu ajira za wageni ni ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo, mke wa mfanyakazi kutoka Kenya hana njia yake ya kupata kibali. Anapita njia ile ile anayopita mtaalamu anayeletwa kwa ndege kutoka bara lingine. Anayeomba kibali ni mwajiri, si mimi. Mwajiri huyo athibitishe kwamba amehangaika kumtafuta Mtanzania mwenye sifa na hakumpata. Aandae mpango wa kurithishana ujuzi, yaani aeleze ni Mtanzania gani atakayeshika nafasi yangu na lini. Kibali cha kazi kikipatikana, nianze upande wa pili kutafuta kibali cha ukaazi kwa jina langu, wakati tayari ninaishi hapa kihalali.

Masharti hayo yalitungwa kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko kwao na kampuni inataka kumleta. Mimi sihitaji kuletwa. Nipo. Kodi ya nyumba tunalipa hapa, soko letu ni Kilombero, watoto wangu wameanza kuongea Kiswahili cha Arusha hata bibi yao akiwapigia simu kutoka Mombasa anauliza hawa ni wa nani.

2. Kilichonipata darasani

Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu katika mikutano mikubwa mambo haya huitwa "vikwazo", na neno hilo halionyeshi sura yake.

Mwaka juzi shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, ilibandika tangazo la kutafuta mwalimu wa fizikia. Nafasi ilikuwa wazi tangu muhula uliopita. Nilipeleka vyeti, nikaitwa. Mkuu wa shule akanipa chaki na kunipeleka Kidato cha Pili nifundishe somo la majaribio, naye akaketi dawati la nyuma. Mada ilikuwa nyenzo. Sikuwa na kifaa chochote, kwa hiyo niliomba ufagio uliokuwa pembeni ya mlango, nikauegemeza juu ya kiegemeo cha kiti, nikaning'iniza begi la mwanafunzi upande mmoja na dasta upande wa pili, tukaanza kusogeza. Binti mmoja aliyekuwa amelaza kichwa mezani tangu nilipoingia aliinuka, akaja mbele, akasogeza begi yeye mwenyewe hadi ufagio ukatulia sawasawa. Darasa zima likapiga makofi. Sijasahau makofi hayo, kwa sababu yalikuwa ya kwanza kuyasikia tangu niondoke Voi.

Ofisini mkuu wa shule alisema ameridhika. Akataja mshahara. Akaniomba kitambulisho ili aandike mkataba, nikampa pasipoti. Aliifungua ukurasa wenye hati ya mtegemezi, akaisoma taratibu, akaifunga. Akaweka vyeti vyangu kwenye bahasha yake tena, akanisogezea. "Mwalimu," alisema, "nikikuajiri wewe nitaanza kuzunguka ofisi mbili, na wanafunzi wana mtihani." Hakunidharau. Alipiga hesabu yake kama ambavyo mimi ningeipiga. Ana walimu kumi na wanne, karani mmoja, na hana mwanasheria. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kushughulikia vibali, shule ndogo haina.

Nasikia nafasi ile ilikaa wazi hadi mwaka ukaisha. Yule binti alifanya mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili bila mwalimu wa fizikia.

Nilipokata tamaa ya ajira nilijaribu kujitolea. Niliuliza kama naweza kufundisha shule ya kata iliyo karibu na kwetu bila malipo, asubuhi mbili kwa wiki. Nikaambiwa hata kujitolea ni kazi, nako kunataka kibali.

Kwa hiyo kinachobaki ni mtoto wa jirani. Yuko Kidato cha Tatu, anakuja jioni na daftari lake la mraba, tunakaa meza ya chakula, tunafanya milinganyo ya kipeo cha pili hadi mama yake aite. Sichukui hela. Mwezi uliopita mama yake aliniletea chana mbili za ndizi za Meru zilizokomaa vizuri, za kupika na nyama. Nilisimama mlangoni nikizitazama, na kitu kilichonijia kichwani kabla ya asante kilikuwa swali: je, haya ni malipo? Je, nimefanya kazi bila kibali? Nina umri wa miaka 38, nina shahada, na nimefika mahali pa kuogopa ndizi za jirani. Nilizipokea. Lakini Waheshimiwa, mtu asifikishwe hapo.

3. Njia ya kujiajiri nayo imezibwa

Mnaweza kuniuliza: kwa nini usifungue kitu chako? Nilifikiria. Nilitaka kibanda cha vifaa vya shule, madaftari, rula, kalamu na fotokopi.

Mwishoni mwa Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Rejareja na jumla imo. Saluni imo, isipokuwa ya hotelini au ya kuhudumia watalii. Huduma za pesa kwa simu, ufundi wa simu, usafi wa nyumba na ofisi, viwanda vidogo, vyote vimo. Mgeni akikamatwa anatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au anafungwa hadi miezi sita, na hufutiwa visa na kibali cha ukaazi.

Naelewa amri hiyo ilitoka wapi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika muda mrefu kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wameingia hadi kwenye biashara za mezani, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mama anayeuza vyombo hawezi kushindana na mtu anayevishusha kwa kontena kutoka kiwandani kwake mwenyewe. Mimi ningekuwa mahali pake ningelalamika vilevile. Lakini wavu uliotupwa kuvua samaki mkubwa umenasa na dagaa. Amri haikumtofautisha mwenye makontena na mke wa mfanyakazi kutoka Uganda anayesuka nywele uani kwake. Namjua huyo mama wa Kiganda. Alikuwa na viti viwili na kioo. Amevifunika kwa kanga, na sasa anaomba hela ya vocha kwa mumewe.

Kifungu cha 13 cha Itifaki kinazungumzia haki ya raia wa Jumuiya kuanzisha na kuendesha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Ukikisoma pamoja na kile cha 10, ukasoma na amri ya Julai 2025, unashindwa kujua ofisa wa mpakani afuate karatasi ipi.

4. Taaluma moja inatambulika, nyingine haitambuliki

Mume wangu hakupata shida kubwa ya kutambulika. Wahandisi wana makubaliano ya kutambuana sifa yaliyotiwa saini mwaka 2012. Wahasibu na wasanifu majengo walitangulia mwaka 2011. Walimu hatuna cha namna hiyo. Shahada yangu ya chuo kikuu cha Kenya inabidi ihakikiwe upya, ilhali mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nimeihakiki. Nililipa, nikasubiri, nikapata. Hili sililalamikii sana. Nalitaja ili mjue kwamba nilichotakiwa kufanya mimi nimekifanya.

5. Maisha yote yananing'inia kwenye uzi mmoja

Hati yangu inafuata kibali cha mume wangu. Kibali chake kikiisha, nayo imekwisha. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kabla ya kuhuishwa, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi nyumba nzima inashika pumzi.

Lakini mkataba una tarehe yake ya kuisha, na mtu hujiandaa. Kuna mambo yasiyotoa taarifa. Kuna mwenzetu mmoja, sitataja atokako, ambaye mumewe alifariki ghafla miaka michache iliyopita. Tulikuwa tunakaa naye kwenye mkeka msibani, wiki ya kwanza hata haijaisha, na tayari alikuwa anauliza ana siku ngapi za kubaki nchini. Watoto walikuwa katikati ya muhula. Hakuwa na mshahara wake, hakuwa na akiba ya uzeeni yenye jina lake, kwa sababu miaka sita aliyokaa hapa hakuruhusiwa kuchangia mfuko wowote. Aliondoka na mizigo mitatu.

Mwingine ndoa yake ilikuwa inamuumiza. Wote tuliona. Alivumilia, maana kutoka kwa mume ilikuwa kutoka nchini, na kutoka nchini ilikuwa kuwaacha watoto. Sheria iliyokusudia kulinda ajira haikukusudia kumfungia mwanamke mlango wa ndani, lakini ndivyo inavyofanya.

Na si wanawake peke yao. Yupo fundi umeme wa Kiganda aliyemfuata mkewe muuguzi. Mtaani wanamwita "baba wa nyumbani" na kucheka. Mtu mwenye cheti cha umeme wa viwandani anashinda akitengeneza redio za majirani bure.

6. Wanaofanya kazi kwa kificho

Nitakuwa si mkweli nikisema wote tunakaa bure. Wapo wanaofanya kazi bila kibali, na mwajiri anajua, na kwa sababu anajua analipa nusu. Hawawezi kudai. Hawawezi kwenda kwa ofisa wa kazi. Wakisikia kuna ukaguzi wanatokea mlango wa nyuma. Kazi hiyo haikatwi kodi ya mapato, wala haichangiwi kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Mtanzania anayefanya kazi pembeni yake naye anaumia, kwa sababu mwajiri akishapata mtu wa nusu mshahara hataki tena kulipa mshahara kamili.

Waheshimiwa, ninazijua sababu ambazo hutolewa. Nimeambiwa moja moja kwenye madawati mbalimbali.

Husemwa kwamba vijana wa Tanzania hawana ajira, na kazi zilizopo ni zao kwanza. Nakubali kwamba hawana ajira. Nina wadogo zangu Mombasa walio katika hali hiyo hiyo. Lakini sheria yenyewe, katika vibali vya daraja B, imewataja walimu wa sayansi na hisabati pamoja na watumishi wa afya kuwa ni taaluma maalumu. Haikuwaweka hapo kwa bahati. Iliwaweka kwa sababu wanahitajika. Na wenzi wa wafanyakazi wa Jumuiya si umati unaosubiri mpakani Namanga. Ni watu ambao majina yao, picha zao na alama zao za vidole tayari ziko kwenye mfumo wenu wa uhamiaji.

Husemwa kwamba Itifaki ni makubaliano ya nchi na nchi, na ofisa wa kaunta anafuata sheria ya nchi. Ofisa wa kaunta simlaumu. Lakini Mkataba ulioanzisha Jumuiya, kifungu cha 8(4), unasema sheria za Jumuiya zina nguvu kuliko za nchi zinazofanana nazo katika mambo ya utekelezaji wa Mkataba huo. Saini zipo. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita tangu Itifaki ianze. Kurekebisha fomu moja hakuhitaji muda huo.

Husemwa kwamba Itifaki yenyewe inaruhusu nchi kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, afya ya jamii na sera ya umma. Ni kweli, na ni haki. Mkimwona mtu ni hatari, mkatalieni, mwandikieni sababu. Lakini huo ni mpaka wa kumwekea mtu baada ya kumtazama. Kuwawekea wenzi wote bila kumtazama hata mmoja ni kukifuta kifungu.

Husemwa pia kwamba watu watafunga ndoa za karatasi ili wapate kibali. Cheti changu cha ndoa kilikaguliwa nilipopewa hati ya mtegemezi. Kilichotosha kuthibitisha kwamba mimi ni mke kwa ajili ya kuishi hapa, kinatosha kuthibitisha kwamba mimi ni mke kwa ajili ya kufanya kazi.

Na husemwa, hili kwa sauti ya chini, "kwenu Kenya mbona hamfanyi?" Swali hilo ni halali, nami silikimbii. Tarehe 28 Novemba 2017, akiapishwa kwa muhula wa pili, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki angehitaji kitambulisho chake tu ili kufanya kazi, kufanya biashara na kumiliki mali Kenya, na kwamba akimpata mwenza aliye radhi angeweza kuoa na kutulia huko. Alisema hafanyi hivyo kwa kusubiri nchi nyingine nazo zifanye vivyo hivyo. Wengi tulilia kwa furaha siku ile. Lakini Mtanzania aliyemfuata mwenzi wake Nairobi bado hukabidhiwa hati ya mtegemezi, na hati hiyo peke yake haimpi ruhusa ya kazi. Ndiyo maana barua hii imeelekezwa kwa Baraza zima, na nakala nimeipeleka upande wa nyumbani kwetu pia. Kila nchi ikisubiri mwenzake aanze, wanaosubiri kweli ni sisi.

Wala si jambo lisilowezekana. Kenya, Uganda na Rwanda zilikaa zikaondoleana ada za vibali vya kazi, na tangu 2014 raia wake wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Umoja wa Ulaya, ambao mara nyingi tunatajiwa kama mfano, ulipitisha mwaka 2004 agizo linalompa mwenzi wa raia wake anayefanya kazi nchi nyingine mwanachama haki ya kufanya kazi humo, hata kama mwenzi huyo si raia wa nchi yoyote ya Umoja huo. Sisi tunaomba kidogo kuliko hicho, maana sisi wenyewe ni raia wa Jumuiya.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, iwepo fomu. Mwenzi wa mfanyakazi wa Jumuiya mwenye kibali halali aombe kibali chake mwenyewe, kwa jina lake, kisichofungwa kwa mwajiri mmoja, kinachodumu muda ule ule wa kibali cha mwenzi wake. Mwajiri akiona kibali hicho mkononi mwa mwombaji, aandike mkataba kama anavyoandika kwa mtu mwingine. Masharti ya kutafuta kwanza Mtanzania na kuandaa mpango wa kurithishana ujuzi yasitumike kwa mtu ambaye hakuletwa na mwajiri.

Pili, jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku 30, muda ambao kanuni za Itifaki kuhusu wafanyakazi zimeuweka. Likiwa la kukataa, liwe na sababu na njia ya kukata rufaa.

Tatu, amri ya biashara 15 ifafanuliwe. Wenzi wa wafanyakazi wa Jumuiya waruhusiwe shughuli ndogo za kujiajiri kwa leseni, kwa kodi, kwa ukaguzi, kama jirani zao. Wekeni kikomo cha mtaji mkitaka. Viti viwili na kioo haviwezi kukivuka.

Nne, mjane, mtalikiwa na aliyeachwa wapewe muda wa mpito wa kukaa na kufanya kazi, usiopungua mwaka wa masomo wa watoto wao.

Tano, na hili halihitaji sheria yoyote: shule na vituo vya afya viruhusiwe kuwapokea wenzi hao kujitolea kwa barua ya mkurugenzi wa halmashauri, kuanzia sasa, wakati mengine yanajadiliwa.

Jina langu kamili, namba ya pasipoti na nakala za barua zangu tatu ziko kwenye nakala za barua hii nilizozipeleka kwa mkono. Hapa sijaliandika kwa sababu kibali cha mume wangu kinakaribia kuhuishwa na watoto wangu wanasoma mji huu.

Makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa Arusha, na kutoka kwangu ni daladala moja. Baraza likikutana na kutaka kumsikia mtu mmoja anayehusika, nitafika siku hiyo hiyo na bahasha yangu ya vyeti. Naomba tu isiwe jioni ya Jumanne au Alhamisi. Mtoto wa jirani ana mtihani Novemba mwakani, na bado hatujamaliza vekta.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa hisabati na fizikia, mwenye hati ya mtegemezi
Arusha